Kabla ya Kununua Ruta Nyingine: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Kuanzia Nyakato na Kirumba hadi Nansio, wasomaji wanaeleza kisa kinachofanana: intaneti inasumbua, mteja anapiga simu huduma kwa wateja, na jibu analopewa ni kwamba kifaa chake kimepitwa na wakati. Jibu hilo huwa la kweli mara nyingine. Lakini kwa niliyoyaona katika nyumba na maduka ninayoingia, mara nyingi ni jibu la haraka linalomtwisha mteja gharama ya tatizo ambalo hakuna aliyelipima.

Nina duka la vifaa vya kuandikia (steshenari) Nyakato. Ninalipia kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, lakini nikipima kwa simu napata 5 au 6. Kampuni inasema ruta yangu ni ya zamani, ninunue mpya. Je, ni kweli?

Inawezekana ni kweli, ila usitoe hata shilingi kabla ya kupima, na kupima kwenyewe hakuhitaji zaidi ya waya wa mtandao wa mita moja. Chukua kompyuta ya dukani, iunganishe na ruta kwa waya huo, zima waifai ya kompyuta, tenganisha simu na printa zote, kisha pima mara mbili: saa kumi na moja alfajiri, wakati majirani bado wamelala, na saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unatazama video. Andika namba zote katika daftari pamoja na tarehe na saa, kwa sababu daftari hilo ndilo litakalozungumza kwa niaba yako baadaye.

Ukipata 20 kwa waya nyakati zote mbili huku simu ikibaki kwenye 5, kasoro iko upande wa waifai, na hapo kampuni imesema kweli. Ruta nyingi za zamani hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Masafa hayo hufika mbali na hupenya kuta, lakini yana chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, na katika mstari wa maduka ambako kila mlango una ruta yake, vifaa vyote hugombania nafasi hizo chache. Ruta yenye gigahezi 5 pia itakupa nafuu kubwa, mradi mtumiaji asiwe mbali nayo sana.

Ukipata 20 alfajiri na 5 usiku kwa waya uleule, ruta haina kosa. Kifaa kibovu hakiponi alfajiri kikaugua jioni. Hapo kilichojaa ni njia ya kampuni. Katika mfumo wa faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga) unaotumika sana majumbani, uzi mmoja unaotoka kwenye mtambo hugawanywa kwa wateja 32 au hata 64, na kampuni hukadiria kwamba si wote watakaovuta kwa nguvu wakati mmoja. Ikiwa njia zake za kutoka mtaani hadi nje ya nchi hazikuongezwa kadiri wateja walivyoongezeka, jioni kila mmoja ataumia. Ruta mpya haiongezi tone moja katika bomba hilo. Hata matundu ya waya ya ruta nyingi za zamani hupitisha megabiti 100, ambazo ni mara tano ya kifurushi chako.

Jambo moja zaidi, ili usije ukagombana na kampuni pasipo sababu: kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Ukiona 2.4 kwenye kompyuta, umepewa ulicholipia.

Nyumba yetu iko Isamilo, imejengwa kando ya jiwe kubwa. Waifai haifiki vyumba vya nyuma. Fundi anasema tununue ruta yenye antena sita.

Mama, idadi ya antena haitoboi jiwe, wala haitoboi kuta za mawe za nyumba za milimani. Kwanza hamisha ruta kutoka kona ya sebule uiweke katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji. Kama vyumba vya nyuma bado havipati, vuta waya hadi huko na uweke kifaa kidogo cha pili cha waifai mwishoni mwa waya huo. Gharama yake huwa ndogo kuliko ya ruta kubwa, na matokeo yake ni ya uhakika zaidi.

Kampuni imetuandikia wateja wa Kirumba kwamba huduma ya antena ya juu ya paa inasitishwa. Tunatakiwa kuhamia faiba, kulipia kifaa kipya na kurudisha cha zamani ndani ya siku 14, la sivyo tutozwe. Je, ni haki?

Swali hili limenigusa, nami nitalijibu kwa urefu.

Kubadilika kwa teknolojia si jambo geni kwetu. Mwaka 2013 mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Mwanza, kila nyumba ilitafuta king'amuzi, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Watu waliumia mifukoni, lakini mabadiliko yale yaliamuliwa na serikali, yakatangazwa mapema redioni na kwenye mikutano, na yakawahusu wote. Kampuni inayoamua yenyewe kuachana na mtambo wake wa zamani, kwa sababu mpya una faida kwake, iko katika hali tofauti kabisa. Faiba ni bora kuliko antena ya paa, wala sibishani na hilo. Ninachopinga ni mteja ambaye hakuomba mabadiliko kulipishwa kana kwamba ni mteja mpya anayegonga mlango.

Kwa hiyo toa mkataba wako usome sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayosema kifaa ni mali ya nani. Kama kilikuwa mali ya kampuni na wewe ulikitumia tu kwa muda wote wa huduma, basi huduma haijaisha. Kampuni ndiyo inayobadilisha zana yake, na una hoja nzito ya kudai kifaa kipya kwa masharti yaleyale. Kama ulikinunua, nacho ni chako, sioni msingi wa kukudai ukirudishe. Sehemu ya pili ni ile ya muda wa taarifa kabla ya kubadilisha au kusitisha huduma. Linganisha muda huo na hizo siku 14.

Usijibu kwa simu peke yake. Andika barua au baruapepe fupi: umepokea taarifa tarehe fulani, mkataba unasema hivi, unaomba maelezo ya maandishi kuhusu ada mnayotozwa. Mkiwa majirani kumi wenye barua moja mtasikilizwa upesi zaidi.

Na siku ya kurudisha kifaa, tafadhali usiondoke bila karatasi. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilirudisha kifaa katika ofisi ya kampuni moja hapa mjini. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni, mhudumu alikuwa anafunga droo, akanionyesha boksi lililokuwa sakafuni lenye vifaa vingine kama ishirini, nyaya zimesukwa pamoja kama nyavu zilizotupwa, akaniambia niweke humo. Niliweka, nikashukuru, nikaenda zangu. Baada ya miezi sita ikaja hati ya madai kwamba kifaa hakijarudishwa. Sikuwa na risiti wala jina la mhudumu. Kilichoniokoa ni daftari la mlinzi getini, ambako nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: jina, saa, na katika safu ya mzigo, "ruta moja nyeusi". Mlinzi yule alikuwa makini kuliko ofisi nzima. Tangu siku hiyo napiga picha namba iliyo chini ya kifaa, nadai karatasi yenye namba hiyo, tarehe na sahihi, na asipokuwepo wa kuiandika narudi na kifaa changu nyumbani.

Mwezi Mei 2024 intaneti ilipozorota, niliambiwa na huduma kwa wateja nibadilishe kifaa. Nilinunua, hali haikubadilika, kisha ikatengemaa yenyewe. Kulikuwa na nini?

Ulipewa ushauri mbaya, ndugu yangu, na ninasikitika ulikugharimu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaathirika. Sisi wa ziwani tuko mbali na bahari, lakini sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia husafiri nchi kavu kwa Mkongo wa Taifa, njia kuu ya faiba ya nchi, hadi Dar es Salaam, kisha huingia baharini. Siku kama hizo, waulize majirani wanaotumia kampuni nyingine. Wote wakilia kilio kimoja, weka fedha yako mfukoni usubiri.

Niko Nansio, Ukerewe. Ndugu yangu aliniletea ruta ya laini kutoka nje ya nchi. Inawaka, inaona mtandao, lakini haishiki 4G, ilhali simu yangu inashika palepale.

Kuna mambo mawili ya kuchunguza. La kwanza, ruta nyingi zinazouzwa nje na kampuni za simu hufungwa zikubali laini ya kampuni hiyo tu; weka laini yako, na ikiandika kwamba laini hairuhusiwi, hilo ndilo jibu. La pili ni bendi. Huduma ya 4G husafiri katika masafa tofauti kwa kila nchi na kila kampuni: ya chini, kama megahezi 700 na 800, hufika mbali zaidi na huvuka maji vizuri, na ya juu, kama 1800 na 2600, hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Ruta iliyotengenezwa kwa soko lingine inaweza kukosa bendi ambayo mnara ulio jirani nawe unaitumia. Orodha ya bendi huandikwa kwenye boksi au kwenye kijitabu chake. Ilinganishe na bendi za kampuni yako kabla hujapoteza nauli ya meli kwenda Mwanza kutafuta fundi.

Utakaponunua nyingine, tembea na simu ndani ya nyumba ujue dirisha lenye mtandao mzuri, uiweke ruta hapo, juu, ikitazama mnara. Uliza pia kama imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Radi imeniulia ruta mbili hapa Igoma, na kila mara nalipia mpya. Nifanye nini?

Ziwa letu lina mvua kali za radi, hasa usiku na kuelekea alfajiri, hivyo unapolala ndipo hatari inapokuwa kubwa. Wingu likianza kunguruma, chomoa adapta ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kama una antena juu ya paa, chomoa pia waya unaoshuka kutoka huko, kisha mwite fundi aiunganishe antena na waya wa kuzamisha umeme ardhini. Uzi wa faiba ni kioo na haupitishi umeme, ingawa baadhi ya nyaya zake huwa na chuma cha kuutegemeza.

Kabla ya kulipia ya tatu, kagua adapta. Nimeokota ruta nyingi zilizohukumiwa kufa, taa zote zimezima, nikachomeka adapta nyingine zikaamka. Soma maandishi madogo mgongoni, kwa mfano volti 12 na ampea 1: volti lazima zilingane, na ampea zisipungue. Adapta ni rahisi mno kuliko ruta.

Nikipiga simu huambiwa nizime, nisubiri, niwashe. Nimefanya hivyo mwezi mzima hapa Buhongwa. Nilalamike wapi?

Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, ukidai namba ya lalamiko. Ambatanisha vipimo vya waya kama nilivyomweleza msomaji wa Nyakato. Wasipokutatulia, peleka lalamiko TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Utahitaji ile namba pamoja na nakala za mlichoandikiana. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kutetea watu kama wewe, na asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Najua kwamba wengi huishia kwenye simu ya tatu wakakata tamaa. Usikate tamaa.

Shule yetu Sengerema ina kifurushi cha megabiti 10. Muuzaji anatushawishi tununue ruta za waifai ya kizazi cha sita. Je, tununue?

Kwa kasi ya megabiti 10, hapana, Mwalimu. Fedha hiyo iongezeni kwenye kifurushi. Sababu moja ingenifanya nibadilishe ruta inayofanya kazi: mtengenezaji akiacha kuitolea masahihisho ya usalama, kwani matundu yanayogunduliwa na wadukuzi hayatazibwa tena, na kwenye mtandao huo kuna matokeo na taarifa za watoto. Ruta ya namna hiyo iondoeni hata kama kasi yake inawaridhisha. Kabla ya kuitoa getini, bonyezeni kwa ncha ya pini kile kitufe kilicho ndani ya tundu dogo la nyuma, mkishikilie kwa sekunde kumi au zaidi hadi taa zizime na kuwaka upya, ili nywila za shule zifutike kabla haijafika mikononi mwa mwingine.