Kiwanda cha nondo: soma ratiba ya zamu kabla ya kuamini sera

Wadogo zangu mnaoanza kazi viwanda vya nondo hapa Tanzania, siku ya kwanza mtapewa helmeti na buti, mtaonyeshwa tanuru, kisha mtasomewa kwamba kampuni haibagui mtu. Sikilizeni, halafu mkaiangalie ratiba ya zamu ukutani. Nani anapangiwa usiku mfululizo? Nani anapewa kazi siku ya mapumziko, ile inayolipwa mara mbili? Nani anafundishwa kreni, na nani miaka nenda rudi yuko kwenye ufagio? Ukikuta akina dada wote upande mmoja, au wanaopandishwa kreni ni watu wa nyumbani kwa msimamizi, umeshaijua kampuni.

Mtaambiwa miezi 6 ya mwanzo huna haki. Si kweli yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikulindi bado dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, lakini ubaguzi wa jinsia, kabila, dini, ulemavu au ujauzito umekatazwa tangu unapoomba kazi.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, mara moja na nusu. Kazi ya saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Nunua kidaftari uandike saa zako kila zamu. Hesabu za ofisini hukosewa pia, na ajabu yake hazikosewi kwa faida yako.

Ukiumia, hata kama ni kibarua, ripoti siku hiyohiyo na hakikisha imeandikwa. Kuna wasimamizi watakaokutia hela ya dawa mkononi ili ubao wa "siku bila ajali" usirudi sifuri. Ukinyamaza, mkono ukija kugoma baadaye huna ushahidi. Fidia inatoka WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na anayechangia huko ni mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye mshahara wako, uliza.

Jiunge na tawi la chama cha wafanyakazi mapema. Mjumbe akiihoji ratiba, haitaitwa kiburi cha mgeni. Mkishindwana na mwajiri, nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: shauri la kuachishwa kazi lina siku 30, mengine 60. Siku hizo huliwa na "njoo Jumatatu", kwa hiyo jaza fomu huku mazungumzo yakiendelea.