Umepewa EIA ya dampo jipya? Nenda sait masika kwanza

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, kamaliza chuo mwaka jana tu, kapata kazi kwenye kampuni ya ushauri wa mazingira, na kazi yake ya kwanza kabisa ni EIA, yaani tathmini ya athari kwa mazingira, ya dampo jipya la halmashauri. Kaandika hivi: "Dada shikamoo, naomba template ya ripoti ya dampo, na kama una ushauri wowote pia naomba." Template ninazo ila sijampa, ntaeleza kwa nini. Ushauri nao ninao mwingi, na najua wengi mnaosoma hapa mna hamu ileile niliyokuwa nayo mimi, siku moja jina lako likae la kwanza kwenye orodha ya wataalamu walioandaa ripoti, kwa hiyo naandika wote msome.

Na naandika nikiwa na furaha, siwafichi. Mradi wa dampo nilioongoza mimi mwenyewe umepata cheti cha mazingira mwezi uliopita. Dampo jamani, mradi ambao hakuna mtu anautaka karibu na kwake, mradi ambao kwenye kanuni zetu uko kundi A, yaani tathmini kamili ni lazima, hakuna njia ya mkato. Nilipopigiwa simu kwamba kimesainiwa nilikaa kwenye gari nikalia, kwa sababu nilikumbuka nilivyofanyiwa huko nyuma.

Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi kwenye kampuni moja. Tukapata kazi ya dampo la mji fulani wa pwani, eneo lilishachaguliwa kabla sisi hatujafika, machimbo ya zamani ya mchanga, na sababu zilikuwa mbili tu: ardhi ni ya halmashauri kwa hiyo hakuna fidia, na shimo lipo tayari. Tulienda Septemba, jua kali. Tukachimba mashimo ya majaribio, mita tatu hivi, makavu kabisa, bosi akafurahi, akasema andikeni maji ya ardhini yako mbali, twendeni tukale.

Mimi nikabaki. Pembeni ya machimbo kulikuwa na mama analima mchicha, nikamsalimia, tukapiga stori, akanipeleka kwenye kisima chake cha kuchimba kwa mkono. Ile kamba ya ndoo ilikuwa na mafundo mawili. Nikamuuliza mama haya mafundo ya nini, akaniambia, "Mwanangu, hili la huku ni la kiangazi, na hili la karibu na ndoo ni la masika, likifika mkononi nasimama." Akazishika zile sehemu mbili akanyoosha mikono, haikutosha, kutoka fundo moja hadi lingine ni zaidi ya urefu wangu. Halafu akanionyesha kwa kidole kule kwenye shimo la mchanga, akasema mwezi wa nne watoto wanaogelea pale.

Sasa wewe mtu wa fani unaelewa maana yake. Mchanga hauzuii kitu, maji ya mvua yanapita moja kwa moja. Taka zetu zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na maganda, zinakuja zikiwa mbichi, zikinyeshewa zinatoa yale majimaji meusi, lichati, yenye amonia na kila uchafu unaotoka kwenye betri na dawa zilizotupwa. Ukiyaweka kwenye shimo ambalo masika maji ya ardhini yanapanda hadi kwenye sakafu yake, umeyaweka ndani ya kisima cha yule mama na vya majirani zake wote. Niliandika haya yote, nikaweka na picha ya kamba, nikapendekeza tupime tena masika. Bosi akaikata hiyo aya yote, akasema tumelipwa kutoa ripoti na siyo stori za mabibi. Nikabishana naye. Ripoti ilipotoka jina langu halikuwepo kwenye wataalamu, hata kwenye wasaidizi halikuwepo. Baadaye nikasikia ilirudishwa wakati wa mapitio, kwa sababu hiyohiyo ya maji, na hakuna mtu hata mmoja aliyenipigia simu kusema ulikuwa sahihi. Mpaka leo inaniuma, na wahusika wakisoma hapa watajijua.

Kwa hiyo ushauri wangu namba moja, na ntaurudia mpaka mchoke: nenda sait masika. Kama mkataba umeanza kiangazi, andika barua kwa mteja umwambie kipimo cha maji ya ardhini kitafanyika mara mbili, na weka mabomba ya kupimia upande wa juu na upande wa chini wa mwelekeo wa maji ili miaka ijayo uweze kulinganisha. Udongo nao ni hivyohivyo. Utaambiwa hapa kuna mfinyanzi, hapapitishi maji, sawa, lakini kama ni ule mweusi wa mbuga uutazame kiangazi, unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Usiridhike na neno mfinyanzi kwenye karatasi, peleka sampuli maabara. Na hata ukiweka laina, lile plastiki zito la milimita 1.5, linahitaji udongo mzuri ulioshindiliwa chini yake, maana jiwe moja tu lenye ncha linatosha kulitoboa na hutajua.

Hapo ndipo sababu ya kunyima template ilipo. Nimeshasoma ripoti ya mradi wa pwani iliyoorodhesha miti ya milimani, na nyingine ilikuwa na jina la mji mwingine kabisa ukurasa wa katikati, mtu kakopi na kupesti hata hajasoma. Mdogo wangu ukianza na template utaandika kilichoandikwa kwa watu wengine, anza na daftari na viatu vya mvua.

Jambo lingine ni machaguo. Kanuni zinataka ripoti ionyeshe maeneo mbadala, na pia nini kitatokea mradi usipokuwepo, ila wengi wanaweka eneo moja la kweli na mawili ya kujaza ukurasa. Usikubali. Dai angalau maeneo matatu ya kweli, uyatembelee yote kwa miguu, na wakikuambia hakuna mengine wakumbushe ya Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati yao, wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, likapewa, likaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira akakataa, akashangaa iweje mamlaka ya umma ije mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wa kule nao wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, Mtoni, halafu Pugu Kinyamwezi. Yaani jiji zima linahama na taka zake kwa sababu hakuna aliyekaa chini mapema kupanga, na kesi hizo zinafunguliwa hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haijazaliwa. Sisi tunayo, hatuna kisingizio.

Nairobi nao waliwahi kukwama. Dandora imekuwepo tangu miaka ya 70 na ilishajaa zamani, wakapanga kuhamia Ruai, watu wa viwanja vya ndege wakapinga kwa sababu ya ndege, hawa wenye mabawa, maana kunguru na korongo wanafuata taka na wakiingia kwenye injini ni ajali. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linashauri dampo lisiwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanja wa ndege. Wangapi mnafungua ramani kuangalia hilo kabla ya kwenda sait? Hata kama mji wako una uwanja mdogo wa vumbi, pima.

Halafu msiende mbali sana pia. Eneo likiwa mbali lori linapiga tripu moja kwa siku, dereva anaona dizeli inaisha, anamwaga korongoni njiani, na vikundi vya usafi vyenye maguta ndo kabisa haviwezi kufika. Umbali unataka kituo cha kukusanyia katikati, na hicho kituo nacho kiingie kwenye tathmini.

Kwenye mteremko na urefu wa taka naomba mnisikilize kwa makini. Agosti 10, 2024 dampo la Kiteezi kule Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa, watu zaidi ya 30 wakafa, wengine walikuwa majumbani mwao. Machi 2017 Koshe, Addis Ababa, walikufa zaidi ya 110. Milima ya taka iliyolowa, iliyosimama wima, na nyumba ziko chini yake. Hiyo inazuilika kwenye ripoti yako wewe unayesoma hapa: andika kila mita moja ya kwenda juu iwe na mita tatu za kwenda pembeni, andika mifereji ya kutoa maji ya mvua kabla hayajaingia kwenye taka, na andika eneo la kinga lisilojengwa, liingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kwenye ramani ya mipango miji, maana lisipokuwa kwenye ramani mwaka wa pili utakuta msingi wa nyumba. Ukiogopa kuyaandika kwa sababu mteja atakasirika basi hii kazi siyo yako, nasema kwa upendo.

Kama hujawahi kuona dampo lililojengwa likajengeka, nenda Chidaya Dodoma, au Mangamba Mtwara, au Buhongwa Mwanza, yalijengwa kupitia ule mradi wa miji ya kimkakati kwa fedha za Benki ya Dunia. Tembea, angalia mabwawa ya lichati, ongea na mwendesha mashine. Utajifunza kuliko semina.

Sasa wananchi. Hapa ndipo nilipopatia kwenye mradi wangu na najivunia. Mkutano wa mtaa siyo sahihi za mahudhurio na soda. Mimi nilikwenda kwanza bila gari la halmashauri, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda visimani asubuhi ambako kina mama wapo, nikaenda kwa wafugaji jioni, ndipo tukaitisha mkutano. Kwenye mkutano mzee mmoja akasimama akauliza, "Binti, hayo malori yatapita wapi? Mbele ya shule?" Na kweli mchoro wa mhandisi ulipitisha barabara mbele ya shule ya msingi, malori yanadondosha maji machafu na watoto wanavuka pale. Mhandisi akaanza kueleza habari za gharama, nikamwomba akae, nikamwambia mzee tutairudisha mezani. Tukaibadilisha, barabara ikazunguka nyuma ya mashamba, na tuliporudi kuwaonyesha mchoro mpya ule mkutano ulikuwa mwingine kabisa, watu wanauliza maswali ya maana badala ya kuzomea.

Fidia waeleze wazi na mthamini awepo. Watu wengi wanadhani wanalipwa mikorosho na nyumba tu, hawajui kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36, na usafiri, na kwamba malipo yakichelewa kupita miezi sita kuna riba. Ukiwaambia haya mteja anaweza kukununia. Waambie. Na ule muhtasari wa ripoti wa lugha rahisi ambao kanuni zinataka uwe kwa Kiswahili pia, uandike mwenyewe, usimpe mtu wa kutafsiri, halafu msomee mtu wa pale mtaani uone kama anaelewa.

Usiwasahau waokota chupa wa dampo la zamani. Ukilifunga bila kuwapangia kitu watahamia jipya usiku, watakata uzio, watawasha moto kupata nyaya za shaba, na moto ukifika kwenye laina kwisha habari yake. Waorodheshe, wape eneo la kuchambulia kabla taka hazijashuka shimoni, glovu na buti, na kikundi chenye katiba.

La mwisho ni hela za kuendesha, na hapa naongea na wakurugenzi pia. Dampo zuri bila dizeli ya buldoza linakuwa jalala ndani ya mwaka mmoja. Taka zinatakiwa kufunikwa na udongo kila siku, sentimita 15 hivi, na huo udongo una gharama, lori lina gharama, dereva ana mshahara. Kwenye jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira kila mstari uwe na kiasi cha fedha na cheo cha mtu atakayeulizwa. Mimi nilikataa kumaliza ripoti mpaka mweka hazina wa halmashauri amekaa na sisi, tukabishana mpaka jioni, na mwisho dizeli na kifusi vikaingia kwenye bajeti ya mwaka vikiwa na mstari wao wenyewe, havikufichwa ndani ya mengineyo.