Kaka anakwenda Osaka, aniletee kisu gani?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mpishi hotelini hapa Mombasa, kaka yangu baharia na meli yao inaingia Osaka mwezi ujao, kasema atanibebea kisu cha Kijapani. Nataka cha kufuliwa kwa mkono lakini kisishike kutu maana huku hewa ya chumvi inakula kila kitu. Vile vyenye mawimbi mawimbi vinanivutia ila bei! Nishauri tafadhali.

JIBU: Marahaba mwanangu. Una bahati sana, Sakai iko jirani kabisa na Osaka, na Sakai ndo kwao visu, huko mhunzi kazi yake kufua, mwingine kunoa tu, mwingine kutia mpini, kila mmoja na fani yake.

Mwambie aulizie chuma kinaitwa Ginsan. Hakishiki kutu upesi na kwenye kinoo kinanoleka vizuri mno, karibu na kile chuma cha kizamani kinachobadilika rangi. Akikikosa achukue chuma kingine kisichoshika kutu upesi, VG-10, ugumu wake ni kama 60 kwa kipimo cha Rockwell wakati vya Kijerumani mlivyozoea hotelini vingi ni 56 hadi 58, kwa hiyo makali yanakaa na ubapa unaweza kufanywa mwembamba. Mawimbi usiyalipie mwanangu, yako kwenye chuma cha nje, kinachokata ni cha katikati. Na VG-10 mara nyingi inatoka kiwandani ikiwa imeshaunganishwa tabaka, inakatwa umbo la kisu tu, hivyo neno "cha mkono" lisimtie wazimu, akitazame kwa mbele kilivyo chembamba karibu na makali, hapo ndo utamu wa kisu ulipo.

Kwa kazi ya hoteli chukua gyuto, yaani kisu cha mpishi cha kazi zote, ya milimita 210. Pesa ya kinoo namba 1000 itoke humo humo kwenye bajeti, bila kinoo nakwambia ukweli bora usinunue. Na chuma kigumu kinameguka, mifupa, nyama ya barafu, kupasua nazi, hayo waachie panga. Ukikata ndimu osha, futa, weka, kutu bado yaweza kuja ukizembea.

Kaka akikinunua akiache kwenye boksi lake ndani ya begi mpaka melini, Japani kutembea na kisu cha zaidi ya sentimita 6 bila sababu ni kosa.

Halafu hujaniambia unatumia mkono gani. Mipini mingine ya mbao imechongwa umbo la herufi D kwa watu wa mkono wa kulia, kama wewe ni wa kushoto aulizie wa pembe nane.