Re: Chemchemi inafukiwa, chifu anasema hatuna kesi

Niaje ndugu, nimesoma uzi wako. Kwa hiyo jamaa anafukia chemchemi ajenge godauni, na chifu anawaambia hamna kesi sababu hakuna aliyeumia na hao wajukuu mnaowatetea hata hawajazaliwa. Hapo amewazuga. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 42 kinataja vizazi vya sasa na vijavyo waziwazi, halafu cha 70 kinasema ukienda kortini si lazima uonyeshe kuna mtu amepata hasara.

Lakini kabla ya hayo yote ulizia leseni ya NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, ipo au haipo? Sisi kwetu tulipiga kelele barazani miezi mitatu kumbe jamaa alishapewa zamani, na rufaa ya kupinga leseni kwenye lile jopo la mazingira (National Environment Tribunal) ni ndani ya siku 60, zilikuwa zimeshapita, basi tukabaki na Mahakama ya Mazingira na Ardhi na huko ni mwendo wa kobe bana.

Na upige picha leo leo maji yakiwa bado yanatoka, akina mama wakichota na mitungi yao ndio poa zaidi, wakishamwaga vifusi utaonyesha nini? Mimi si wakili lakini, karatasi zetu ninazo, ni-inboksi nikutumie.