Plagini Iliyozimwa Haijafa: Maswali Yenu na Majibu

Safari hii maswali karibu yote yamegusa jambo moja: zile plagini, au programu-jalizi kama wengine mnavyoziita, ambazo tunazipachika kwenye tovuti kwa shauku na kuzisahau upesi. Wengi mnatumia WordPress, mfumo wa kujenga na kuendesha tovuti, na si ajabu, maana zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Mifano yangu mingi itatoka huko. Wenye mifumo mingine kama Drupal na Joomla mtajiona humohumo.

Kuna plagini niliizima zamani na siitumii kabisa. Mbona dashibodi bado inanidai niisasishe?

Kwa sababu uliizima, hukuiondoa. Unapobofya kuzima, WordPress inalifuta jina la plagini kwenye orodha iliyo ndani ya hifadhidata, orodha ya zile zinazoamshwa kila ukurasa unapofunguliwa. Basi, hakuna zaidi. Mafaili yake yote yanabaki kwenye folda ya wp-content/plugins, kwenye seva ambayo dunia nzima inaifikia. Na faili la PHP, lugha ya msimbo wa plagini hizi, lililoandikwa ovyo halingoji ruhusa ya WordPress. Mtu anayejua anwani yake analiita moja kwa moja, nalo linaitika.

Mwaka 2020 tuliliona hilo kwa plagini iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Ndani yake mlikuwa na maktaba ya msimbo ya watu wengine, elFinder, iliyokuja na faili la mfano. Faili hilo lilikuwa limeongezewa kipande mwishoni mwa jina lake makusudi, ili seva isilitekeleze. Watengenezaji wa plagini wakakiondoa kile kipande. Tangu hapo mtu yeyote, bila nywila, aliweza kuliita faili lile na kupakia alichotaka kwenye seva ya mwenzake. Toleo la 6.9 liliziba tundu mwanzoni mwa Septemba, lakini wavamizi walishaanza kazi.

Miaka 9 kabla yake palikuwa na TimThumb, kifaili cha kupunguza ukubwa wa picha kilichokuja ndani ya mandhari nyingi, yaani vile vifurushi vinavyoipa tovuti sura yake. Kiliruhusiwa kuvuta picha kutoka tovuti chache zinazoaminika, ila ukaguzi wake ulikuwa wa kitoto: kiliangalia tu kama jina la tovuti inayoaminika limo mahali fulani kwenye anwani. Mdukuzi akaliweka jina hilo mwanzoni mwa anwani yake mwenyewe, akapita. Hapo pia haikusaidia kwamba mandhari imezimwa. Ilimradi faili lipo, mlango upo.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Plagini isiyo na jembe mkononi iondoke. Ile unayoihitaji mara moja kwa mwaka, labda ya kuhamisha makala kutoka mfumo mwingine, ifute nayo. Kuisakinisha upya siku ya kuihitaji ni kazi ya dakika moja.

Sasisho likitoka nibofye palepale, au nisubiri wengine waumie kwanza?

Soma kwanza limebeba nini. Karibu na kitufe cha kusasisha kuna kiungo cha maelezo ya toleo jipya, na watu wachache mno hukifungua. Ukiona humo habari za usalama, usingoje hata jioni.

Wengi hudhani kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kikishatoka hatari imepungua. Kwa aliyesasisha, ndiyo. Kwa ambaye hajasasisha imeongezeka, maana sasa mtu yeyote anaweza kuliweka toleo la zamani kando ya jipya, akaona mistari iliyobadilishwa na kujua tundu lilikuwa wapi. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitoa kiraka cha tundu kubwa kwenye toleo lake la 7. Wiki mbili baadaye kikosi chake cha usalama kikatoa tamko ambalo sijalisahau: kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikuwa imesasishwa ndani ya saa 7 tangu kiraka kitangazwe, ihesabiwe kuwa imeshavamiwa. Saa 7! Nusu ya dunia ilikuwa imelala.

Sasisho la kuongeza madoido tu ni jambo jingine. Hilo naliacha siku tatu nne, wakati mwingine wiki, hasa namba ya kwanza ya toleo inapobadilika, tuseme kutoka 4.9 kwenda 5.0. Namba hizo hazina sheria, kila mtengenezaji anahesabu kivyake, lakini mara nyingi namba kubwa ikiruka kuna kitu kimevunjwa na kujengwa upya.

Nami nina aibu yangu ya kusimulia. Ijumaa moja jioni nilichagua plagini 14 kwa mpigo kwenye tovuti ya mteja, nikabofya, nikauona ukurasa wa mbele unafunguka vizuri, nikafunga kompyuta. Fomu ya kuagiza bidhaa ilikuwa imenyamaza. Tuligundua Jumatatu. Na kwa kuwa nilizisasisha zote pamoja, ilinichukua asubuhi nzima kujua ni ipi iliyoharibu. Siku hizi nasasisha moja moja, katikati ya juma, na baada ya kila moja najaza fomu kwa mkono wangu kama mteja. Ukurasa wa mbele haukwambii kitu.

Nimeona pana sehemu ya kuziruhusu plagini zijisasishe zenyewe. Niiwashe?

Kwa tovuti nyingi ndogo, ndiyo, na usinung'unike. Uwezo huo uliingia kwenye dashibodi katika toleo la 5.5, Agosti 2020, na unaweza kuuwasha kwa plagini moja moja. Tangu toleo la 6.6, la Julai 2024, WordPress inaangalia kama plagini iliyojisasisha imesababisha kosa la kuangusha tovuti, na ikiwa hivyo inalirudisha toleo la awali. Haitagundua fomu iliyonyamaza kama yangu, lakini ule ukurasa mweupe wa kutisha unaobaki tovuti ikianguka umepungua.

Mimi naziacha zijisasishe zile za kazi ndogondogo: ramani ya tovuti, kuzuia maoni ya takataka, kupunguza ukubwa wa picha. Zinazogusa pesa, usajili wa wanachama na ujenzi wa kurasa nazisasisha mwenyewe. Lakini ukijijua kuwa wewe ni mtu wa kuingia kwenye dashibodi mara moja kwa miezi mitatu, ziache zote zijisasishe. Tovuti iliyopinda kidogo inanyooshwa. Iliyovamiwa utaishi nayo mwezi mzima.

Kuna aliyeniuliza vipi kama sasisho lenyewe lina sumu. Imetokea. Juni 2024 wadukuzi waliingia kwenye akaunti za watengenezaji wa plagini kadhaa, mojawapo Social Warfare, kwa kutumia nywila zilizovuja mahali pengine. Wakaingiza msimbo wa kujitengenezea akaunti ya msimamizi kwenye kila tovuti iliyosasisha. Tangu 1 Oktoba mwaka huohuo WordPress.org inawalazimisha watengenezaji wote kuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Hatari hiyo ni ya kweli, ila kwa kila tovuti niliyoisafisha kwa sababu ya sasisho bovu nimesafisha nyingi kwa sababu ya sasisho lililosahaulika.

Jambo la kiufundi ambalo wenye tovuti tulivu hawalijui: kazi hizi za ratiba, kama plagini kujisasisha, huamshwa na wageni. Tovuti isipopata mgeni, ratiba haiamki. Mwenye seva anaweza kukuwekea ratiba ya kweli upande wa seva, mwombe.

Nimesasisha, sasa naona ukurasa mweupe. Hata dashibodi siingii. Nifanyeje?

Kama ujumbe unasema tovuti iko kwenye matengenezo na hauondoki, sasisho lilikatika njiani. Kuna faili dogo linaloitwa .maintenance kwenye folda kuu, lifute. Hata usipolifuta, baada ya dakika 10 WordPress huanza kulipuuza.

Kama ni kosa la kuangusha tovuti, angalia barua pepe ya msimamizi. Tangu 2019, toleo la 5.2, WordPress hutuma kiungo maalumu cha kuingia huku plagini yenye kosa ikiwa imesimamishwa. Barua haipo? Ingia kwenye mafaili kupitia paneli ya hostingi au FTP, njia ya kuhamisha mafaili ya seva, nenda wp-content/plugins, ibadilishe jina folda ya plagini uliyoisasisha. WordPress haitaiona, tovuti itarudi. Kisha pakua toleo la awali, kwenye WordPress.org ukurasa wa plagini una sehemu iitwayo Advanced View yenye matoleo ya zamani.

Mwenye duka la mtandaoni asikimbilie kurudisha nakala rudufu ya jana ya hifadhidata. Utarudisha tovuti na kufuta oda zote za leo. Jaribu kwanza kurudisha mafaili ya plagini peke yake.

Nina plagini 38. Ni nyingi mno?

Sijui, zinafanya nini? Plagini 38 nyepesi zinazotunzwa hazinitishi kama 6 zilizotelekezwa. Ila kaa chini uzipitie, na mbele ya kila moja useme kwa sauti inafanya kazi gani. Ile utakayoanza kugugumia ndiyo ya kuanza nayo. Mara nyingi utakuta mbili za kazi moja, au tatu, kila moja ikiachwa na fundi wa awamu yake.

Plagini yangu haijapata sasisho kwa miaka mitatu lakini inafanya kazi vizuri kabisa. Kuna tatizo?

Huenda lipo, huenda halipo. Plagini ya mistari 20 inaweza kukaa miaka bila kuhitaji kuguswa. Ile inayopokea mafaili kutoka kwa wageni au kuandika kwenye hifadhidata, kimya cha miaka mitatu kinanikosesha usingizi.

Tafuta ukurasa wake kwenye WordPress.org. Ukikuta onyo kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni, anza kutafuta mbadala. Ukikuta imefungwa, yaani haipakuliki tena, iondoe leo. Mara nyingi plagini hufungwa kwa sababu ya tundu ambalo mwenyewe hajaliziba, na dashibodi yako haikupigii kengele: inakuonyesha tu kwamba hakuna sasisho jipya, nawe unadhani ni habari njema.

Plagini yenye watumiaji wengi na mmiliki aliyechoka huwa inauzwa, na hilo nalo lifuatilie. Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti karibu 200,000, iliuzwa mwaka 2017. Mmiliki mpya akaficha humo mlango wa nyuma wa kupachika matangazo ya takataka. Ujanja wake ulikuwa kwamba aliyeingia kama msimamizi hakuyaona; waliyaona wageni tu. WordPress.org iliiondoa, ikarudi, ikaondolewa tena, mara kadhaa. Kwa hiyo plagini uliyoizoea ikibadilisha ghafla jina la mtengenezaji, fungua tovuti yako kwenye dirisha la faragha uitazame kama mgeni.

Plagini ya slaidi ilikuja ndani ya mandhari niliyonunua. Haijawahi kuniletea ujumbe wa kusasisha. Ni sawa?

Si sawa. Plagini za kulipia zinazokuja ndani ya mandhari mara nyingi hazina leseni yako binafsi, kwa hiyo masasisho hayakufikii mpaka mwenye mandhari atoe toleo jipya la mandhari nzima. Slider Revolution ilisambaa hivyo. Tundu lake lilikuwa limezibwa mwanzoni mwa 2014. Desemba mwaka huo Google ikazifungia tovuti zaidi ya 11,000 zilizoingiliwa kupitia tundu lilelile. Wengi wa wenyewe hawakujua hata kama wanayo. Nunua leseni yake au iondoe, slaidi zenyewe hakuna anayezitazama zaidi ya picha ya kwanza.

Na aliyeniuliza kuhusu plagini ya kulipia aliyoipata bure kwenye tovuti ya vitu vilivyovunjwa kufuli: aliyeivunja hakukuhurumia. Ifute, kisha badilisha nywila zote.

Nikifuta plagini, data zangu zitapotea?

Kuzima hakugusi data. Kufuta kunategemea mtengenezaji: wengine huandika maelekezo ya kusafisha kila kitu, wengine huacha majedwali na mipangilio kwenye hifadhidata miaka na miaka. Kwa hiyo majibu ya fomu na orodha za wanachama zitoe nje kama faili kabla ya kufuta, usibahatishe. Baada ya kufuta, pitia makala za zamani. Plagini za matunzio ya picha zinapenda kuacha maneno ndani ya mabano ya mraba, na wasomaji watayaona.

Fundi aliyenitengenezea tovuti ameondoka na hapokei simu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye barua pepe ya msimamizi, chini ya mipangilio ya jumla. Nina wasiwasi ni yake. Maana yake maonyo yote, pamoja na kile kiungo cha kuokolea tovuti nilichokitaja juu, yanaenda kwake. Weka yako, na uithibitishe kwenye ujumbe utakaotumiwa, la sivyo haibadiliki. Halafu fungua orodha ya watumiaji, ujitengenezee akaunti yako ya msimamizi kama huna, na ishushe hadhi au uifute ile yake. Ukifuta utaulizwa makala zake zihamie kwa nani. Chagua jina lako, usichague kuzifuta.