Maswali ya kambi: hema, maji, kisu na baridi ya Vuria

Shule zikikaribia kufungwa maswali ya vifaa vya kambi huanza kumiminika, na mengi yanauliza kitu kimoja tu, ipi ndio bora. Mimi nami lazima niulize kwanza, unaenda wapi na mwezi gani? Maana mtu wa Mombasa akisema anaenda kambi inaweza kuwa ufukweni Msambweni, inaweza kuwa Tsavo, inaweza kuwa mlima Vuria kule Taita, na hizo ni hali tatu tofauti kabisa. Haya, tuanze.

Nimeona hema ya mtumba Kongowea, imeandikwa ya watu 4 na bei iko poa. Tuko wanne, twaenda Shimba Hills. Nichukue? (Likoni)

Usitoe pesa kabla hujaifungua yote pale pale, hata muuzaji akinuna. Ndani ya kitambaa cha hema kuna rangi fulani ya plastiki inayozuia maji, na hema ikikaa miaka kwenye robota au stoo yenye unyevu ile rangi inaoza, ukiipapasa inanatanata kama gundi, inabanduka vipande vipande na inatoa harufu kali ya uvundo. Ukiona hivyo achana nayo, haitengenezeki. Kisha fungua na ufunge kila zipu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hesabu fito zote, angalia kama kuna iliyopasuka, halafu angalia kile kifuniko cha nje cha mvua kama kinashuka hadi karibu na ardhi. Zile zenye kofia ndogo tu juu ni za jua, Shimba mwezi wa 5 zitakulowesha.

Na hiyo namba 4 ina maana watu wanne wamelala wamebanana bila hata begi moja. Wanne wazima chukueni mbili za watu 3, au moja ya watu 6 kama mna gari. Kwa huku kwetu mimi naangalia sana wavu, hema iwe na wavu mpana pande mbili ili upepo upite, kwa sababu joto la pwani ndani ya hema iliyozibwa hamtalala, na wavu uwe mdogomdogo wa kuzuia mbu. Mkifika nyumbani itandike uwani, mwagia ndoo mbili tatu za maji, uingie ndani uone panapovuja. Na mkirudi safari ianikeni ikauke kabisa kabla ya kuikunja, hewa ya chumvi na unyevu wa Mombasa unaua hema nyingi kuliko mvua.

Jambo la mwisho, Shimba kuna ndovu. Ndizi, maembe, machungwa visilale ndani ya hema, weka garini. Hili mnishike neno.

Kijana wangu wa fomu 2 anaenda Taita na skauti, wamesema alete slipingi begi. Kwani Taita kuna baridi gani? Si ni hapo tu? (Bamburi)

Mama, ni hapo tu kweli lakini ni juu. Vuria, kilele cha huko Taita, ina mita 2,208 kutoka usawa wa bahari, na hesabu ya kawaida ni kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 hivi. Kwa hiyo usiku ambao nyinyi Bamburi mko kwenye 22 yeye huko juu anaweza kuwa kwenye 9, na bado kuna ukungu na upepo. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa pwani hajawahi kulala kwenye baridi hiyo.

Kwenye slipingi begi utaona digrii mbili zimeandikwa, moja ya kulala vizuri na moja ya mwisho kabisa ya kuvumilia. Soma ile ya kwanza, na iwe 5 au chini ya hapo. Chukua ya pamba bandia, usichukue ya manyoya ya bata, manyoya yakiloa kwa ule ukungu hayapashi tena. Lakini pesa ikiwa ndogo mimi ningeanza na kitu cha kutandika chini, kwa sababu mwili hupoteza joto jingi kwa ardhi na ile begi ukiilalia inabanwa haisaidii upande wa chini. Mkeka wa povu gumu unaokunjwa, ule usiofyonza maji, unatosha. Kipande cha godoro la kawaida hapana, kitanyonya umande wote. Mpe sweta la sufu la mtumba, soksi kavu za kulalia tu asizitembelee, na kofia ya kufunika masikio. Jinzi aache nyumbani, ikiloa haikauki.

Mimi na masela twataka kwenda pande za Voi na upinde na mitego tukawinde paa, kambi ya siku chache. Tubebe nini? (Changamwe)

Msibebe kitu, ndugu zangu. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina huruma, hata kuingia hifadhini na silaha au mtego ni kosa kabla hujagusa mnyama. Mtego wa waya nao hauchagui, unanasa simba, unanasa ndovu mchanga mguu, na mnyama anaoza akiwa hai. Hilo linaniuma sana na sitalisaidia.

Kama kinachowavuta ni kule kunyatia na kusoma nyayo, nunueni darubini ya 8x42. Hiyo 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana ndio kinaingiza mwanga alfajiri na magharibi wakati wanyama wanatoka. Za 10 na 12 zinatetemeka mkononi. Hata Shimba mtamuona palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, na Kenya nzima yuko huko tu.

Binamu yangu yuko Minnesota, ananialika Novemba tukawinde kulungu kwa leseni. Ninunue nini hapa Mombasa? (Old Town)

Kidogo sana. Huko ni halali na ina utaratibu wake, kama umezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 kwa kawaida unatakiwa uwe na cheti cha usalama wa bunduki kabla ya kupewa leseni, kwa hiyo mwambie binamu akushughulikie hilo mapema, na aulize pia sheria ya mgeni kushika bunduki. Msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya machungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa, kofia na kifua chote, ili mwindaji mwingine asikudhanie mnyama. Novemba kule inashuka chini ya sifuri, viatu na koti la baridi hiyo hutavipata hapa, azima kwake. Kisu fupi kisichokunjwa, makali ya sentimita 8 hadi 10, kitoshe, na kikae kwenye begi la kupakia, sio la mkononi. Na kiwe kikali kweli, kwa sababu mnyama akikutwa bado ana uhai itabidi umchinje. Mambo ya bismillahi na risasi kaa na sheikh wako kabla hujasafiri.

Panga au kisu cha kambi? Changu kinashika kutu kila mara. (Nyali)

Panga la kuni na kusafisha pahala pa hema, kisu cha jikoni. Kwa pwani nunua kisu cha stenlesi, cha chuma cha kawaida kitataka kupakwa mafuta ya kupikia kila ukikitumia. Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu.

Chujio la maji linatosha Tsavo? (Mtwapa)

Halitoshi. Chujio dogo linatoa bakteria na vijidudu vikubwa, virusi vinapita, na chumvi haliigusi kabisa, na maji ya visima vingi kule ni ya chumvi. Beba maji kutoka nyumbani, lita 5 kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupikia, kwenye mitungi migumu ya lita 20. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini tangu 5 Juni 2020, kwa hiyo kila mtu awe na chupa yake ya stenlesi.

Mvua ikinyesha naweza kuingiza jiko la makaa ndani ya hema? (Kisauni)

Hapana, hapana, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata mlango ukiwa wazi. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, watu wanalala hawaamki. Jiko la gesi nalo ni hivyo hivyo. Nunua turubai la mita 3 kwa 4 na kamba, lifunge juu ya miti miwili pembeni ya hema, upike hapo chini umesimama na upepo unapita.