Samaki Mla Mwani Naye Analishwa

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu samaki wa mapambo ni hili: "Kaka, tangi langu limekuwa kijani, ninunue samaki gani wa kula huo mwani?" Jibu langu huwa lilelile. Usinunue samaki kwanza. Tazama taa, kisha tazama chakula unachomwaga.

Mwani unaishi kwa mwanga na mbolea. Mbolea yenyewe ni mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, vitu ambavyo vikioza huacha naitreti na fosfati ndani ya maji. Tangi likikaa dirishani likapigwa na jua la asubuhi, halafu taa ikawaka mpaka watu wanakwenda kulala, litageuka kijani hata uweke samaki gani. Langu liko ukutani, mbali na dirisha, na taa yake haizidi saa nane kwa siku. Kila wiki natoa robo ya maji na kuweka mapya yaliyolala kwenye ndoo ili klorini ipungue. Sponji ya chujio naikamulia kwenye yale maji niliyotoa, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini inaua bakteria wanaoondoa sumu ya amonia. Kioo nakikwangua kwa kadi ngumu ya plastiki.

Ukishayaweka hayo sawa, samaki atakusaidia kweli. Ila chagua vizuri. Utakayeonyeshwa kwanza dukani ni pleko, kambare wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya. Akiwa sawa na kidole anavutia sana, lakini akikua anapita sentimita 30, na tangi la lita 60 si nyumba yake. Kinyesi chake ni kingi mno, kwa hiyo anaurutubisha mwani uleule uliomnunulia aumalize. Yupo pia mla mwani wa China, ambaye akiwa mdogo anafanya kazi nzuri, akikomaa anakuwa mkorofi na kuwanyonya wenzake ute wa mwilini. Huyo mimi simpendekezi kwa mtu yeyote mwenye tangi la sebuleni.

Ninayempenda ni ansistrasi, jamaa ya pleko, ambaye dume lake lina vindevu usoni. Hukomea kwenye sentimita 15 hivi, hagombani na samaki wa aina nyingine, na usiku anafanya kazi kwenye kioo chote. Mwekee kipande cha gogo kisicho na rangi wala dawa, ukiloweke mpaka kizame. Atakuwa analikwangua na kujificha chini yake mchana. Otosinklusi nao ni wazuri, wadogo wa sentimita 4 tu, ila wanaishi kwa kundi, sita au zaidi, na wanataka tangi lililokomaa. Ukiwatia kwenye tangi la juzi ambalo mawe yake bado yanang'aa, watakufa njaa.

Njaa ndiyo inayoniuma zaidi katika habari hii yote. Watu wanamwona huyu samaki kama ufagio: amewekwa asafishe, basi. Mwani ukiisha anabaki akizunguka kioo kitupu, tumbo limebonyea, na mwenye nyumba hajui kwa nini amekufa ilhali wengine wazima. Mlishe mboga. Kipande cha tango au boga kutoka soko la Kilombero hapa Arusha, au majani ya mchicha yaliyochovywa kwenye maji ya moto yakalainika, uyafunge kwenye kijiwe yazame. Weka taa ikishazimwa, maana hapo ndipo ansistrasi anapotoka, na asubuhi toa kilichobaki kabla hakijaoza. Mtazame tumbo mara kwa mara. Linatakiwa liwe limejaa kidogo.

Kwetu Arusha kuna jambo la baridi pia. Juni na Julai usiku maji ya tangi yanapoa sana, na hawa ni samaki wa maji ya joto, wanaotaka nyuzi 24 hadi 26. Bila hita wanazubaa, wanaacha kula, kisha magonjwa yanawakuta. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi pembeni, juu uache hewa ipite. Mjini Moshi kuna nafuu kidogo, lakini hata huko msimu huo singeacha hita.

Na ikiwa tayari unaye pleko aliyekushinda ukubwa, nakuomba sana usimpeleke Themi wala mto mwingine wowote. Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko kuna watu wanaoishi kwa uvuvi. Pleko waliotupwa hivyo Mexico na Florida wamezaana wakawa kero kubwa kwa wavuvi na kwa kingo za mito. Sisi wenyewe tuliona Ziwa Victoria baada ya sangara kuingizwa miaka ya 1950: aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilitoweka. Mrudishe kwa aliyekuuzia, au mtafutie mtu mwenye bwawa la saruji lililofungwa, lisilo na njia ya kutokea mtoni.